Majina Kumi na Saba

Wino ulitoka upesi kuliko masizi ya sufuria. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza, kabla hofu haijapata nafasi ya kuniingia. Nilikuwa nimepiga magoti chumbani kwa Mama Sirani, Jumapili asubuhi, mvua ya masika ikigonga mabati, kitabu chake cha kurasa za ngozi kikiwa wazi mapajani mwangu na bakuli jeupe la kauri chini yake. Nilichota maji kwa kiganja, nikayapitisha juu ya ukurasa wa mwisho, nikasugua taratibu kwa kidole cha shahada. Mstari baada ya mstari, zile herufi za kwao zilizopinda kama ndoana ziliachia ngozi zikateremka bakulini. Nilipomaliza, maji yalikuwa ya kijivu na ukurasa ulikuwa mtupu.

Nikakifuta kitabu, nikakifunga katika kitambaa chake cha hariri, nikakirudisha sandukuni. Bakuli nikalibeba kwa mikono miwili, nikavuka ua hadi kibanda nilichokuwa nikiishi, nikamnywesha mwanangu Mwanaisha yale maji mpaka tone la mwisho. Alikuwa na miaka minne, na kwa siku sita kichomi kilikuwa kimemkaba, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi.

Msinihurumie upesi. Subirini kwanza niwaeleze nilichomnywesha.

Mama Sirani jina lake kamili lilikuwa Siranushi. Watu wa Lushoto walimwita Mama Mgiriki, maana kwetu mzungu yeyote asiyekuwa Mjerumani wala Mwingereza alikuwa Mgiriki wa mashamba ya mkonge, basi. Jina hilo lilimkera kuliko viroboto. "Mimi ni Mwarmenia," angesema, akiinua mkasi wake, na muuza kabichi angeitikia, "Ndiyo, Mama Mgiriki." Alikuja Tanganyika na mumewe, fundi wa mitambo ya mkonge kule bondeni Mombo. Mume alipofariki, yeye alipanda mlimani akanunua nyumba ndogo ya mawe nje kidogo ya mji, kwa sababu, alisema, baridi ya huku ilimkumbusha kwao. Aliishi kwa cherehani. Nusu ya watoto wa shule wa Lushoto walivaa sare alizozishona yeye. Kiswahili alikijua vizuri, na Kishambaa cha kusalimia pia. Ungemkuta sokoni akijibu "onga makeo" bila kupepesa macho. Jumapili alikwenda kwa Walutheri, maana kanisa la kwao lilikuwa mbali naye kuliko Maka ilivyo mbali nami. Alikaa kiti cha nyuma na kujipigia ishara ya msalaba peke yake.

Nilianza kumfanyia kazi mwaka 1958, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba. Niliolewa nikiwa kwake, na mume wangu Mbaraka alipokwenda kuchuma chai Bulwa, nilibaki kwake na mtoto. Kwa hiyo nikisema nilimjua, nilimjua. Nilijua anapenda chai ya rangi isiyo na sukari, nilijua goti lipi linamuuma mvua ikikaribia. Nilijua pia kwamba kila kitu cha nyumba ile ningeweza kukigusa, isipokuwa kile kitabu.

Kilikuwa Injili, imeandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya kondoo, na umri wake, kwa maelezo yake, ulipita miaka mia tano. Mtawa mmoja wa ukoo wao alikiandika katika nyumba ya ibada iliyochongwa mwambani. Mama Sirani hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ukimgusia kitabu ulimi wake ulifunguka. Alinieleza kwamba watu wa kwao walipokimbia vita waliacha masufuria wakabeba vitabu. Adui akiteka kitabu, watu walichanga wakakikomboa, kama anavyokombolewa mateka. Hicho chake kilikombolewa mara moja, mababu zake wakitoa ng'ombe wawili na bangili za bi harusi. "Kwetu kitabu ni mtu wa nyumba," aliniambia. Na nyumbani kwa babu yake, alisema, watu walitembea siku mbili tatu wakiwabeba wagonjwa wao, wapate uzima wa kile kitabu.

"Walipona?" niliuliza.

"Waliondoka kwa miguu yao," alisema, akakata uzi kwa meno.

Neno hilo likanikaa. Sikumwuliza walikuwa wanakifanyia nini. Kwa nini niulize? Nilidhani najua. Mimi ni binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Baba yangu alisomesha kule Mlola zaidi ya miaka thelathini, na mgonjwa aliyeshindikana alipoletwa, baba alichukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa zafarani, akaziosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Ndiyo kombe. Tangu nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia sahani. Kwangu mimi, ukiniambia maandiko yanaponya, umeniambia yananyweka.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo lazima mlijue. Kila mwaka, tarehe ishirini na nne ya Aprili, Mama Sirani alitoa sadaka. Alinunua mbuzi, akamwita Bakari mchinjaji amchinje Kiislamu ili majirani wote wale, kisha tukapika harisa, ngano na nyama, tangu alfajiri mpaka mchana. Mama yangu mzazi, aliyeolewa Mlola kutoka Pangani, alikuwa akiipika sikukuu ya Idi, akiiita bokoboko. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa unaijua. Harisa haitaki kuachwa. Unaikoroga na kuiponda, unaikoroga na kuiponda, mpaka nyama na ngano visahau kwamba vilikuwa viwili. Nilipokuwa nikikoroga, Mama Sirani alisimama mlangoni pa jiko, akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu, akasoma kwa sauti ya kughani, akiufuata mwendo wa mwiko wangu. Alisoma mara tatu. Karibu na mwisho palikuwa na mahali ambapo sauti yake ilizama, nikawa nasikia pumzi tu, halafu ikarudi. Nilidhani ni dua ya chakula. Mtumishi huuliza chumvi iko wapi. Hamwulizi bibi wa nyumba analilia nini.

Basi mwaka 1967, mwezi Machi, kichomi kikamshika mwanangu. Nilimpeleka hospitali, msiseme sikumpeleka. Walimchoma sindano, wakanirudisha nyumbani, wakasema dawa ipewe muda. Siku ya sita midomo yake ilikuwa ya buluu. Baba alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na mkono wangu mimi haukupewa idhini ya kuandika kombe. Mama Sirani alikuwa kanisani. Nikatawadha. Nikajiambia Injili nayo ni kitabu kilichoshuka, sisi wenyewe tunakiamini. Nikafungua sanduku.

Nilipekua kurasa. Nyingi zilikuwa na dhahabu na picha za watu wenye macho makubwa, na misalaba iliyosukwa kama mikeka. Misalaba nisingeweza kumnywesha mjukuu wa mwalimu wa chuo. Nikaendelea kupekua mpaka mwisho, nikaona ukurasa usio na picha, usio na dhahabu, wino mweusi mtupu na mwandiko wa haraka. Na shetani ana adabu zake, alinifanya nijione mwungwana. Nilijiambia nimechagua ule ambao mwenyewe hataukosa sana.

Adhuhuri mtoto alitoka jasho. Alasiri aliomba uji. Ni sindano ama ni maji yale, sijui, na sitajua mpaka siku ya kufufuliwa.

Aprili ikafika. Mbuzi amechinjwa, ngano iko jikoni, mimi nimeshika mwiko. Mama Sirani akaja na kitabu, akasimama mlangoni, akakifungua. Nilisubiri sauti. Niliendelea kukoroga, nikisubiri, mpaka nikashindwa kuvumilia nikageuka. Alikuwa ameukaribisha ukurasa machoni, kisha akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaupapasa kwa vidole, kama kipofu. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kizingitini, mwanamke ambaye hata uchovu sijawahi kumwona nao, akasema, "Mwanaidi, wameondoka."

Ndipo akaniambia. Yale yalikuwa majina. Mwaka 1915, yeye akiwa na miaka sita, serikali ya nchi ile iliamuru Waarmenia wa kijiji chao wote watoke, waswagwe kwa miguu kuelekea jangwani. Usiku wa kuamkia safari baba yake alichukua kalamu, akachovya wino wa masizi, akaandika mwisho wa Injili majina ya wote wa nyumba ile, kumi na saba, na chini yake: ewe usomaye, wakumbuke hawa. Kitabu alifungwa nacho yeye tumboni, chini ya nguo, kwa sababu askari hawakuwapekua sana watoto. Kati ya wale kumi na saba alifika mmoja. Hakuna kaburi, hakuna picha. "Kaburi lao lilikuwa hapa," alisema, na mkono wake ulikuwa juu ya ngozi tupu.

Kisha akatazama ukuta. Sanduku lake lilikaa siku zote chini ya dirisha la kaskazini, na masika yale ukungu wa mlima ulikuwa umeuchora ukuta wote madoa. Nikaliona wazo likimjia. Niliona likiingia machoni mwake kama mtu anavyoingia chumbani, na ningeweza kulizuia mlangoni.

"Ni unyevu," alisema. "Nimeliacha sanduku ukutani. Baba aliwapitisha jangwani, mimi nimewapoteza kwa uvivu."

Nami, binti wa mwalimu wa chuo, nikasema nini? Nikasema, "Unyevu wa mwaka huu umezidi, Mama. Hata kanga zangu zimeota ukungu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Kuosha ukurasa niliosha kwa uchungu wa mwana, na uchungu wa mwana humpotosha mtu. Lakini ule uongo niliusema mtoto wangu akiwa mzima, akicheza na vifaranga pale uani, na hapakuwa na aliyenishika koo. Niliogopa kufukuzwa. Ni hilo tu, wala halina ukubwa wowote.

Kuna siku nilimsihi ayaandike upya. Alikuwa anayajua, yote kumi na saba yalikuwa kichwani mwake. Alikataa. "Mkono uliowapoteza," alisema, "usijifanye ndio uliowahifadhi." Alikuwa anasema mkono wake. Mnaona jinsi dhambi inavyozaa? Ningesema kweli siku ile, angejua mkono wake safi, angechukua kalamu, na leo yale majina yangekuwepo. Nilinyamaza. Na harisa haikupikwa tena nyumba ile. "Nitasoma nini?" aliniuliza, Aprili iliyofuata. Alikaa siku nzima na kitabu mapajani, wazi pale penye ngozi tupu, na mimi nikafagia ua uliokwisha fagiliwa.

Miaka minane ikapita hivyo. Mwanaisha aling'oka meno, akaota mengine, akaanza shule akivaa sare aliyoshonewa bure. Mama Sirani alimpenda. Alimfundisha kudarizi, alimtunzia matunda damu yaliyowahi kuiva msimu ukianza. Kila nilipomwona mkono wake juu ya kichwa cha yule mtoto nilitamani ardhi inimeze. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimezaa tayari, na uchi wangu nilikuwa nimeuficha ndani ya mtoto.

Mwaka 1974, mwezi wa Novemba, kiharusi kikampiga Mama Sirani. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakaanza kumponyoka. Alisema "kile cha kukatia" akimaanisha mkasi. Siku moja nilimkuta anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, midomo ikicheza, anafika mahali anakwama, anaanza tena. Alikuwa akiyatafuta majina. Aliinua macho akaniona, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alilia kama mtoto. Alisema kila siku wanapungua.

Miezi michache baadaye balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Sefania, akapita akiwa na karatasi. Mbaraka alikuwa amerudi kutoka Bulwa, nasi tulikuwa katika orodha ya kaya zitakazohamia kijiji kipya cha ujamaa, huko chini, mwendo wa siku nzima. Mwezi wa Mei usitukute Lushoto. Mama Sirani angeangaliwa na jirani yake Dorkasi. Nikahesabu siku nikaona kwamba ningeondoka baada ya tarehe ishirini na nne ya Aprili, na kwamba mwaka ule ilikuwa inatimia miaka sitini. Nikapiga moyo konde. Nikasema kabla sijapita lile geti nitasema, hata kama atanitemea mate.

Lakini kusema kunatafutiwa njia, nami njia niliyoijua ilikuwa ya jikoni. Niliamua kupika harisa. Mwaka ule njaa ilikuwa imetupiga, ngano ilikuwa ya kusimuliwa tu. Nilipanga foleni duka la ushirika siku mbili nikapata mahindi ya kukoboa. Mbuzi hakupatikana, Bakari akanichinjia jogoo. Niliwasha moto alfajiri. Mama Sirani nilimtoa chumbani, nikamweka kwenye kiti chake karibu na mlango wa jiko, blanketi magotini. Hakuuliza napika nini. Harufu ilipoanza kupanda, nilimwona anageuza kichwa.

Nikakoroga, nikaponda. Mahindi ni magumu kuliko ngano, mkono uliniuma. Nilikuwa napanga maneno ya kuanzia, Mama, nina jambo, Mama, unakumbuka mwaka ule, na hapo ndipo kitu kikatoka kinywani mwangu ambacho sikukipanga.

"Hovanesi," nilisema.

Mwiko ukazunguka. "Nazeli," nikasema. "Markari. Yeghisa."

Wallahi sikuwa najua kuwa ninayajua. Miaka tisa nilikuwa nimesikia ule usomaji, mara tatu kila Aprili, na mkono wangu ukifuata. Nilihifadhi Yasini nikiwa na miaka saba bila kujua maana ya neno hata moja, mwili ukiyumba mbele na nyuma. Nani aliniambia kwamba sikuhifadhi na hii? Ilikuwa mkononi. Ilikuwa inangoja nikoroge chungu kile tena. Vartani, Shushani, Hakopi. Sikuthubutu kusimama, niliogopa nikisimama yatakatika. Zaruhi, Tigrani, Anahiti, Sahaki. Nyuma yangu kiti kililia. Siranushi, nilisema, na hilo lilikuwa lake mwenyewe, la kumi na mbili.

Kisha nikafika pale ambapo sauti ilikuwa ikizama. Mwiko ulizunguka, na kinywani hapakuwa na kitu. Pumzi tu. Mzunguko uliofuata ukaleta Davidi, Mariami, Levoni, Araksi, na mwisho.

Niligeuka. Mama Sirani alikuwa amesimama, sijui kwa nguvu gani, ameshika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto. Uso wake ulikuwa umeloa.

"Umeruka mmoja," alisema.

"Nani, Mama?"

Alifungua kinywa. Nikaona analifuata lile jina, analikaribia, anapapasa gizani. Nilimwombea kwa Mungu wangu na kwa Mungu wake. Kikafungwa kinywa. "Alikuwa mchanga," alisema taratibu, neno moja moja. "Siku arobaini. Alibatizwa siku moja kabla ya safari, ili baba apate kumwandika. Jina lake lilikuwa halijazoeleka nyumbani. Mimi nilimbeba. Uzito wake naukumbuka." Akautazama mkono wake uliokufa. "Jina lilikuwa limeandikwa tu."

Hapo nikapiga magoti, mwiko bado mkononi. Sikuanza na Mama, nina jambo. Nilisema, "Si unyevu, Mama. Ni mimi." Nikamweleza yote, bakuli, maji, kichomi, kanga zangu zilizoota ukungu ambazo hazikuota. Sikuacha kitu. Nilimwambia jina la yule mchanga limo ndani ya mwanangu, na sina njia ya kulitoa.

Chungu kilianza kushika chini, nikasikia harufu ya kuungua, sikuinuka. Nilitaka anipige. Nilimtazama mkono wake wa kushoto nikiutamani uinuke.

Alipozungumza, hakuuliza kwa nini. Alisema, "Mwanaidi. Kwetu kilikuwa kinawekwa chini ya mto."

Sikuelewa upesi.

"Mgonjwa alikilalia," alisema. "Usiku mmoja. Asubuhi kinarudishwa sandukuni. Ungeniambia, ningemlaza mtoto juu yake mimi mwenyewe."

Nimewahi kuzika wazazi, na baadaye nimezika mume. Sijasikia neno lililonipasua kama lile, na alilisema bila ukali hata chembe.

Mwanaisha alirudi kutoka shule saa hiyo, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Akatukuta hivyo, mama yake amepiga magoti na mwiko, bibi amesimama akilia. Akasema shikamoo, akabaki amesimama, hajui aingie au atoke. Mama Sirani akamwita kwa kichwa. Mtoto akasogea. Yule mama akaushusha mkono wake wa kushoto kutoka kwenye mwimo, akauweka juu ya kichwa cha binti yangu, akamwegemea, na nadhani uzito wote wa mwili wake ulikuwa pale, maana niliona magoti ya mtoto yakikaza.

"Koroga," aliniambia. "Anza tena."

Nikainuka. Nikaipua, nikapunguza moto, nikarudisha chungu, nikakoroga. Hovanesi, nilisema, Nazeli, na yeye akaniitikia kila moja, Markari, Yeghisa, sauti yake juu ya yangu, akirekebisha pale ulimi wangu ulipoyavunja. Nilipolikaribia lile la kumi na tatu mkono ulianza kuwa mzito. Siranushi, tulisema pamoja. Mwiko ukasimama. Mama Sirani alikuwa akimtazama mtoto, usoni, kama anayesoma.

Mwanangu akadhani ameulizwa. "Mwanaisha," akajibu, kwa sauti ndogo ya darasani.

Nilifumba macho. Nilingoja amsahihishe. Nilisikia tu ile pumzi niliyoizoea, ikienda, ikirudi, kisha sauti yake ikasema, "Davidi," na mimi nikakoroga.

Hakuwahi kuniambia amenisamehe. Alikula kijiko kimoja cha harisa ya mahindi, akasema chumvi imepungua. Tulihama wiki iliyofuata, na mwezi wa Julai Dorkasi akatuma habari kwamba Mama Sirani amefariki, na kwamba kitabu ameagiza nipewe mimi. Sikustahili, lakini nilikwenda kukichukua. Kimo humu ndani, mbali na ukuta.

Sasa kila Aprili napika, kwa ngano ikipatikana, kwa mahindi isipopatikana, na majirani wa kijiji hiki wanakula bila kujua wanamlia nani. Mwanaisha ameolewa, lakini siku hiyo huja. Hukaa kwenye kigoda karibu na moto, na nikifika pale mwiko unaposimama, hungoja kidogo, halafu hujitaja. Anadhani ni desturi ya yule bibi aliyempenda. Hajaniuliza kwa nini ni yeye, nami mpaka leo sijamwambia alikunywa nini.